Baba Anajifunza Nahau

Novemba 2

Kila muhula nawaamrisha wanafunzi wangu waandike shajara kwa Kiingereza, kila siku, bila visingizio. Mimi mwenyewe hii naiandika kwa Kipunjabi na mlango nimeufunga. Nikijaribu kwa Kiingereza inatoka kama barua ya kuomba kazi. Haya, nimeshasema.

Leo baba yangu kaja kujiandikisha darasani kwangu.

Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ubaoni kwenye chumba chetu cha juu, pale penye duka la halua chini, nikifundisha nahau ya mvua. Waingereza mvua ikiwa kubwa husema inanyesha paka na mbwa. Vijana wote walikuwa wameinamisha vichwa wanaandika, maana kila mmoja anataka kufaulu ule mtihani wa Kiingereza aende Kanada, na Bwana Ahuja, mwenye kituo chetu cha masomo, kawaahidi kwamba mtu akimwaga nahau kumi mbele ya msahihishaji, amepita. Kaandika mpaka kwenye bango la nje: "Nahau mdomoni, tiketi mkononi." Mara mlango ukafunguka, akaingia Mzee Gurmej Singh mwenyewe, kilemba cha buluu, blanketi begani, viatu vimejaa tope la shambani.

"Sukha, mwanangu," akasema kwa ile sauti anayowaitia nyati wake wa maziwa, "niketi wapi?"

Sukha! Pale mimi ni Mwalimu Sukhchain, nina tai shingoni. Darasa zima likaangua kicheko. Akakaa benchi la mbele, katikati ya wasichana wawili, akatoa kalamu.

Nyumbani nilimuuliza kulikoni. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu. Mdogo wangu Paramvir anakuja Desemba kutoka Kanada na binti yake, Asees, ambaye tangu aondoke hapa akiwa wa kubebwa hajarudi. Sasa ana miaka tisa na Kipunjabi hana.

"Kila Jumapili kwenye simu," Baba akasema, "mimi namwambia halo, yeye ananiambia halo. Kisha tunatabasamu tu, mpaka mdogo wako anakata. Taya zinaniuma kwa kutabasamu, Sukha. Nataka nimsikie akiongea na mimi, na mimi niongee na yeye, kabla hajawa mtu mzima asiye na haja na mimi."

Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Novemba 4

Baba kanyoosha mkono leo. "Mwalimu," akaniita, na darasa likacheka tena, "nataka kumuuliza mtoto: umekula? Unasikia baridi? Kwa Kiingereza inasemwaje?"

Lovejot, yule msichana mwenye ulimi mrefu, akasema kwa sauti, "Babu apelekwe chekechea!"

Ningeweza kumjibu baba yangu nikamaliza. Maneno mawili matatu tu. Badala yake nikajibu, "Baba, hayo ni ya watoto wadogo. Hapa tunasoma Kiingereza cha ndani, kile wanachosemezana wenyewe kwa wenyewe." Ukweli ni kwamba sikutaka wanafunzi wanione nikisimama na tai yangu namfundisha baba yangu "umekula." Nikamkabidhi karatasi yangu ya nahau, matamshi nimemwandikia kwa herufi zetu, ili anyamaze.

Akaishika kwa mikono miwili. Akaikunja vizuri na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Novemba 8

Moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani umejaa kila mahali. Macho yanawasha. Hakuna darasa.

Novemba 12

Rajwant, mke wangu, kaniita dirishani asubuhi. "Njoo usikie masomo yako."

Baba alikuwa zizini anakamua, na anamweleza nyati nahau. "Hii kazi ni kipande cha keki," anamwambia, yaani kazi nyepesi. "Leo nipo chini ya hali ya hewa," yaani mgonjwa kidogo. Anasema, anatulia, anaikodolea karatasi aliyoibandika ukutani kwa kinyesi kibichi cha nyati, anarudia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Rajwant hakucheka. "Unamfundisha baba yako au unamcheza shere?"

"Ndicho Kiingereza chenyewe hicho."

"Umekisikia wapi? Wewe umefika wapi zaidi ya Delhi?"

Mwanamke huyu ananijua mno.

Novemba 15

Ubaridi umeanza. Sweta la kijani limeliwa na nondo.

Novemba 19

Leo nimefanya jambo ambalo hata kuliandika naona haya, lakini nisipoliandika halitaniacha.

Nilikuwa nawauliza mmoja mmoja. Kijana wa nyuma akashindwa kueleza maana ya "kuvuta mguu wa mtu," ambayo kwa Waingereza ni kumtania mtu. Nikamfokea kidogo, kama kawaida yangu. Baba akageuka kwenye benchi lake, akamtuliza yule kijana mbele ya wote: "Usijali, mjukuu wangu. Huyu mwalimu wenu mwenyewe alipokuwa darasa la sita alikuwa akilia kila siku ya Kiingereza. Alijificha kwenye ghala la ngano mpaka mama yake amtoe kwa donge la sukari guru. Na tazama leo!"

Alisema kwa fahari. Ninajua alisema kwa fahari. Lakini kicheko kilichopasuka pale kilinimwagikia kichwani, na Lovejot akaanza, "Mwalimu, tukuletee sukari guru?" Masikio yakaniwaka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na ubao wangu.

Nikampakia kwenye pikipiki. Tulipofika uani, kabla hata hajashuka vizuri, nikamwambia: "Baba, unaniaibisha."

Akasimama pale anashikilia blanketi lake. "Mimi?"

"Viatu vyako. Sauti yako. Hadithi zako. Pale ni kazini kwangu."

Akaviangalia viatu vyake. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba aliviangalia kweli, kama mtu anayekagua kosa alilotajiwa. Kisha akasema, "Haya, nimeelewa. Nitasomea nyumbani," akaenda kuwapa nyati majani.

Novemba 20

Hakuja. Wanafunzi wameuliza babu yuko wapi. Nikasema anapanda ngano.

Novemba 21

Kweli anapanda ngano. Kwa hiyo sikusema uongo.

Novemba 29

Baba haniulizi kitu tena. Anamtuma Rajwant. Leo Rajwant kasimama mlangoni na bakuli la njegere: "Baba anauliza, kwenye karatasi yako, nahau ipi ndiyo ya mapenzi zaidi? Anataka kumpokea mjukuu wake kwa hiyo uwanja wa ndege."

Nikamwambia ipo moja, Waingereza mtu wanayempenda kupita wote humwita tufaha la jicho langu.

Nikamsikia anamweleza uani. Baba akashangaa, "Tufaha? Jichoni? Wana mambo hao." Kisha akaanza kulikariri pale pale.

Ningeweza kutoka nikamwambia mwenyewe. Hatua chache tu. Nikabaki nasahihisha madaftari.

Desemba 6

Bwana Ahuja kasikia habari za Asees, sijui nani kamdokeza. Kaniita ofisini, akafunga mlango, akanisukumia sahani ya jalebi, zile tamutamu za kukaangwa zinazodondosha shira. Ahuja akikupa jalebi, ujue kuna kitu anataka.

"Mwalimu Sukhchain, una dhahabu nyumbani na huniambii! Mtoto wa Kanada, mzaliwa wa lugha! Mlete siku moja tu. Wanafunzi wamsikie nahau zinavyomtoka mwenyeji."

Nikakubali papo hapo. Nilivimba kichwa, nisifiche. Niliona picha yote: binti wa mdogo wangu jukwaani anathibitisha kila nilichofundisha, na Lovejot kakosa la kusema.

Desemba 11

Ukungu. Bango la kumtangaza Asees limeshabandikwa kwenye ngazi ya kituo.

Desemba 14

Ukungu. Jua hatujaliona. Baba kapiga kiwi viatu vyake, vile vile vya shambani. Anavipiga kiwi kila asubuhi kisha anavitunza kwenye mfuko wa nailoni.

Desemba 19

Tumekwenda Amritsar kuwapokea. Ndege ilichelewa kwa ukungu, tukasimama nje ya mlango pamoja na umati wenye mashada ya maua. Baba kavaa kilemba kipya cha rangi ya haradali. Midomo inatikisika muda wote. Nilijua anachokariri.

Wakatoka. Paramvir kanenepa, kafuga ndevu za mtindo. Asees mwembamba, mrefu kuliko nilivyomwona kwenye simu, kofia ya sufu mpaka machoni. Baba akapiga magoti pale pale sakafuni mbele ya watu wote, akamvisha shada, akasema kwa Kiingereza, pole pole, kila neno kalipima: "Karibu. Wewe ni tufaha la jicho langu. Nakuona mara moja katika mwezi wa buluu. Safari, natumai, ilikuwa kipande cha keki."

Mtoto akamtazama. Akarudi nyuma hatua moja, akajificha kwenye koti la baba yake, akanong'ona swali. Baba bado kapiga magoti, anatabasamu, anangoja ajibiwe.

Paramvir akacheka mpaka mizigo ikamponyoka. "Baba! Nani kakufundisha haya? Mtoto anauliza kama unataka keki!"

Na Baba hakunitaja. Alinigeukia tu, hakukasirika, alikuwa anangoja kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu amweleze kakosea wapi. Mimi nikamwambia mdogo wangu, nikicheka naye, "Ah, ameyaokota redioni huko."

Baba alisikia. Akainuka, akapangusa magoti, akachukua begi zito kuliko yote.

Desemba 20

Asees anakaa na simu yake kwenye kona ya kitanda cha kamba. Baba anakaa kona ya pili. Wanatabasamu.

Desemba 23

Kituoni leo viti havikutosha, wengine walisimama mpaka kwenye ngazi. Ahuja kakodi kipaza sauti. Paramvir alikuwa kwa wakweze, kwa hiyo Asees nimempeleka mimi, na Baba akaja nyuma yetu kwa baiskeli bila kualikwa. Akasimama ukutani kabisa, kamshikia mtoto koti lake. Viatu vinang'aa.

Ahuja akamkalisha Asees kwenye kiti kirefu. "Haya, binti mzuri, waambie kaka na dada zako. Kule kwenu, mvua ikiwa kubwa, kubwa sana, mnasemaje?"

"Tunasema mvua ni kubwa," Asees akajibu.

Kicheko kidogo. Ahuja naye akacheka, akamsogelea. "Ndiyo, ndiyo, lakini ile nyingine? Ya paka na mbwa?"

Mtoto akatazama chini ya kiti. "Paka gani?"

Hapo kicheko kikawa kikubwa. Ahuja akanipungia mkono nije nisaidie. Nikamtajia moja baada ya nyingine: kupiga ndoo teke, maana yake kufa, mwezi wa buluu, maana yake kwa nadra, chini ya hali ya hewa. Mtoto wa watu akajitahidi kweli. Baadhi alikuwa kayasikia. "Bibi wa nyumba ya jirani labda anasema hivyo," akasema. "Shuleni kwetu hakuna anayeongea hivyo. Tunasema tu mtu anaumwa."

Lovejot akasimama. Safari hii hakuwa anacheka. "Mwalimu, basi sisi tumekuwa tukikariri nini tangu Agosti? Mimi harusi yangu inautegemea huu mtihani, wakwe wanataka bibi harusi wa kwenda Kanada. Nikienda kumwambia msahihishaji paka na mbwa, ataniona mimi nini?"

Ninyi mtakaosoma hii, kama kuna atakayeisoma, sijui mngefanya nini. Nilikuwa nimesimama pale na miaka yangu kumi na moja ya nahau, na watu wote hao, na Ahuja kanikazia macho. Nikachukua kipaza sauti nikasema, tena kwa Kiingereza, ili nionekane: "Msimsikilize. Huyu ni mtoto mdogo tu. Kiingereza kizuri bado hakijui."

Asees alilielewa kila neno, kwa nini asielewe. Hakulia, alitazama mikono yake mapajani.

Baba akatoka ukutani. Watu wakampisha. Akafika kwenye kiti, akamkunjulia koti avae, na akamwambia kwa Kiingereza maneno mawili, ambayo kwenye karatasi yangu hayamo: "Njoo. Nyumbani."

Asees akamshika kidole. Wakateremka ngazi, na nikasikia kengele ya baiskeli barabarani. Kule juu Ahuja alikuwa anawaambia watu wapige makofi.

Jioni Rajwant aliniwekea chakula bila kunitazama. Baba aliwaambia wote mtoto kasikia baridi ndiyo maana waliwahi kurudi. Paramvir kaamini.

Desemba 24

Sikulala vizuri. Asees alikuwa ananiita baba mkubwa, neno la Kipunjabi pekee alilokuja nalo. Leo hakuniita kitu.

Desemba 26

Nimemnunulia chokoleti. Kasema asante, kaiweka mezani, katoka. Chokoleti ipo pale pale mpaka sasa.

Nimewaza kumwomba radhi, kisha nikajicheka. Mimi, baba mkubwa mtu, nimwombe radhi mtoto wa miaka tisa? Kwetu haijapata kutokea. Baba yangu hajawahi kuniomba radhi mimi, wala babu hakumwomba yeye. Mkubwa akikosea humnunulia mdogo kitu kitamu, mambo yakaisha. Ndivyo tulivyokuzwa. Mbona haya hayaishi?

Desemba 30

Nimepanda juu ya paa kukagua tangi la maji, lile lenye umbo la ndege ya abiria alilojengewa Baba kwa fedha za Paramvir ili kijiji kizima kijue nyumba hii ina mtu ng'ambo. Chini uani niliwaona wawili hao wameketi kwenye kijua chembamba, wanamenya miwa. Asees ananyoosha kidole: kuku, ndoo, moshi. Baba anataja kwa Kipunjabi, yeye anataja kwa Kiingereza, wanabadilishana. Baba akikosea, mtoto anamrekebisha bila kucheka. Mtoto akikosea, Baba naye hivyo hivyo.

Kisha Baba akamuuliza kwa Kiingereza, wazi kabisa, "Umekula?"

"Ndiyo, Babu. Wewe je?"

Nilishikilia ile ndege ya saruji nisijue nishuke au nibaki. Swali ambalo baba yangu alininyooshea mkono darasani nimfundishe, kafundishwa na mtoto. Roho iliniuma, na nitasema kweli, sehemu ya maumivu yale ilikuwa wivu.

Januari 3

Ukungu. Nyati mmoja anakohoa.

Januari 5

Kituo kimefunguliwa. Ahuja kasema yaliyopita yamepita, bango la mtoto limeshaondolewa, muhula mpya una wanafunzi wengi. "Endelea na karatasi yako, Mwalimu. Watu wanaipenda."

Nikaendelea. Nilisimama ubaoni nikaandika paka na mbwa, kama vile hakuna kilichotokea. Ninaandika hili ili nijue mimi ni mtu wa namna gani. Lovejot hakuja. Wanasema kahamia kituo cha upande wa pili wa stesheni, na nahau kule ni zile zile.

Januari 9

Asees kaweza kukamua. Mayowe ya furaha yamesikika mpaka barabarani. Nilipotokeza zizini akanyamaza, akasogea nyuma ya Baba. Nikasingizia nimekuja kutafuta jembe.

Januari 13

Lohri, sikukuu yetu ya moto wa majira ya baridi. Tumewasha moto mkubwa uani, tukatupia karanga na ufuta, majirani wakaja na ngoma. Asees kavaa salwari, suruali yetu pana, aliyoshonewa na Rajwant, kacheza na watoto wa kijiji mpaka kofia ikapotea. Baba anamtambulisha kwa kila mtu: "Huyu ni mwalimu wangu." Watu wakacheka, wakanitazama mimi. Jirani mmoja akanitania, "Umepokonywa kazi, Sukhchain!"

Nilicheka na wote. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Nikamsogelea Asees pale motoni. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Unafurahi?" Akajibu, "Ndiyo, bwana." Bwana! Kama vile mimi ni askari wa uhamiaji.

Januari 17

Wameondoka leo.

Niliendesha mimi, gari la kukodi, ukungu umeshika barabara yote mpaka tukawasha taa mchana. Baba alikaa nyuma na Asees, kamfunika blanketi lake. Waliongea njia nzima, nusu maneno, nusu vidole. Paramvir alilala.

Mlangoni mwa uwanja, pale ambapo asiye na tiketi hapiti, Paramvir akatugusa miguu kwa heshima, Baba kisha mimi. Baba akainama mbele ya Asees, akafungua mdomo, akakwama. Akanigeukia. Tangu ile siku ya viatu hakuwahi kuniuliza kwa mdomo wake jambo la Kiingereza, hata moja.

"Sukha, nataka kumuuliza atarudi lini. Hilo hatukulifikia."

Nikampa maneno. Mepesi, manne. Akayasema vizuri sana.

Asees akamtazama baba yake, na baba yake akatazama tiketi. Mtoto akafikiri. Alitaka kujibu sawasawa, nilimwona. Akasema kwa Kiingereza, "Sijui, Babu."

Baba akanigeukia tena. "Anasemaje?"

Na mimi nikasema, "Anasema atarudi msimu ujao, Baba. Kaahidi."

Paramvir akainamisha uso. Baba akatikisa kichwa taratibu, akamkumbatia mtoto muda mrefu, akamwachia. Wakaingia. Mlango wa kioo ukajifunga.

Ukungu ulituzuia njiani, ikabidi tusimame kwenye mgahawa wa madereva wa malori kungoja upungue. Tukakaa kwenye kitanda cha kamba, chai ikaja. Paramvir akaandika kwenye simu kwamba ndege yao nayo imezuiwa, wamekaa tu.

Baba akapuliza chai yake. "Alisema hajui," akasema.

Nikakoroga chai yangu.

"Neno hilo nalijua. Kila nikimuuliza jina la mti kule shambani alikuwa ananijibu hivyo hivyo."

"Sasa kwa nini uliniuliza mimi, Baba?"

"Nilitaka iwe sikusikia vizuri." Akaiweka glasi chini. "Nimejua ulitaka kunifurahisha. Lakini mtoto kanijibu kweli, na wewe umemfanya mwongo. Nami nitakaa mwaka mzima namngoja, asipokuja nitamwona kavunja ahadi ambayo hakuitoa. Mara ya pili hii, Sukha. Kule juu kwenye kipaza sauti ulimfanya mjinga, leo mwongo. Mimi uliponikana pale uwanjani, nimekula chumvi nyingi, nitavumilia. Yeye ana miaka tisa."

Sauti hakuipandisha. Dereva wa kitanda cha jirani hata hakugeuka. Nilijisikia nimevuliwa nguo.

"Bado wamekaa pale," akasema. "Mtumie mtoto ujumbe wa sauti."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ndiye mwalimu."

Nikatoa simu. Nikazipekua kichwani nahau zote nilizonazo. Ipo ya kuyala maneno yako mwenyewe, wanayotumia mtu akifuta alichosema. Ipo ya kula pai ya unyenyekevu, mtu akikiri kashindwa. Nzuri zote, wanafunzi wangu wanazipenda, na kila moja ina mlango wa nyuma wa kutokea bila kusema kosa lenyewe. Kidole kimekaa kwenye kitufe, chai inapoa, Baba ananingoja.

Nikabonyeza. Nikasema kwa Kiingereza, na sauti ikanitoka nyembamba, ya mtu wa darasa la sita: "Asees. Ni mimi, baba mkubwa. Siku ile wewe ulisema kweli. Mimi nilikosea. Nisamehe."

Nikaachia. Ujumbe ukaenda. Nikabaki nimeinamisha kichwa juu ya glasi, naogopa kumtazama.

"Sukha," Baba akasema. "Kiingereza hicho nimekielewa chote."